Dokta ambaye hakuchaguliwa udaktari: kisa cha mwanafunzi wa Mtwara na kozi ya chuo kikuu

Kisa hiki ni cha kweli. Nimebadilisha jina, nimeacha kutaja kijiji, shule na chuo, na nimegeuza mambo mawili matatu ya familia ili mtu asitambulike. Mwenyewe ameisoma rasimu na kuniruhusu. Mjomba wake nilimsomea kwa sauti, akanisahihisha mahali pamoja, nami nimerekebisha. Nawaandikia walimu wenzangu wa ushauri na unasihi, wazazi, na wanafunzi wa kidato cha sita wanaosubiri dirisha la udahili lifunguliwe.

Usuli

Nitamwita Somoe. Alizaliwa katika wilaya mojawapo ya uwanda wa Makonde, nyumba ya wakulima wa korosho. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ana neno zito juu ya wapwa zake. Baba yake Somoe yupo na anamlea, lakini gharama za advansi (kidato cha tano na cha sita), yaani ada, michango, nauli na vitu vya bweni, zilitoka kwenye korosho za mjomba, misimu miwili mfululizo. Mwalimu mgeni Mtwara anaweza kukaa na "mzazi" kikaoni saa nzima asijue kwamba mwenye uamuzi yuko shambani.

Tangu darasa la nne Somoe aliitwa Dokta. Aliongoza mtihani, mwalimu mkuu akamtangaza mstarini kwamba huyu ndiye daktari wetu wa kesho, jina likaganda. Mama muuza mihogo alimwita Dokta, watoto wenzake walimwita Dokta, na hata kwenye daftari lake la kidato cha kwanza niliwahi kuona ameandika "Dr." mbele ya jina lake kwa kalamu nyekundu. Alipofika kidato cha tano hakuna aliyemuuliza tahasusi gani anaitaka. Ilikuwa PCB, fizikia, kemia na biolojia, kama vile ilivyoandikwa tangu alipozaliwa.

Kuna kaka yake pia. Yeye alimaliza kidato cha sita mwaka 2013, wakati Mtwara haikuwa na mazungumzo mengine ila gesi. Gesi ya Mnazi Bay ilijulikana tangu 1982, na tangu 2006 ilikuwa ikizalisha umeme. Lakini kuanzia 2010 kampuni za nje ziligundua gesi nyingi zaidi kwenye kina kirefu cha bahari, ujenzi wa bomba la kuipeleka Dar es Salaam ukaanza, na Mei 2013 mji ukaingia kwenye vurugu za kulipinga bomba hilo. Viwanja vilipanda bei. Kila kijana mwenye fizikia na kemia nzuri alitaka kusoma petroli, na kaka yake Somoe akaisoma.

Bomba lilizinduliwa 2015. Ila tangu katikati ya 2014 bei ya mafuta duniani ilikuwa inaporomoka, kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa hadi chini ya 50 mwanzoni mwa mwaka uliofuata, na miradi mikubwa ikasogezwa mbele. Mtambo mkubwa wa kusindika gesi uliopangwa Likong'o, Lindi, ukabaki kwenye mazungumzo mwaka baada ya mwaka. Kaka alihitimu 2017. Leo ana duka la vipuri vya pikipiki Masasi, na kwa kweli analiendesha vizuri. Ila nyumbani kwao, neno "chuo kikuu" halijawahi kusikika tena kama zamani.

Yaliyotokea

Matokeo yalitoka Julai 2021. Somoe alipata C ya biolojia, D ya kemia na E ya fizikia. Kwa hesabu ya udahili, C ni pointi 3, D ni 2, E ni 1: jumla 6. Ni ufaulu wa mtu aliyesoma kwa bidii katika shule ambayo mwalimu wa fizikia alikuwepo nusu ya muda. Lakini kufikisha kigezo cha chini cha udaktari ni jambo moja, na kuchaguliwa ni jingine. Nafasi ni chache, na wanaoomba wapo wenye A na B tupu.

Alikuja ofisini kwangu wiki ileile. Nilimuuliza swali ninalowauliza wote: "Unapenda kusoma nini?"

"Udaktari, madamu."

Niliandika. Nikamwonyesha namna ya kuusoma mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, nikamweleza kwamba tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, siyo kupitia mfumo mmoja wa pamoja kama zamani. Nikamtakia heri. Haikufika dakika kumi, nami nikahesabu kwamba nimemshauri.

Aliomba vyuo vitatu. Kote aliweka udaktari kwanza, kisha udaktari wa meno, kisha famasia. Awamu ya kwanza ikapita, hakuchaguliwa popote. Akaacha kupokea simu.

Siku ya nne nilipanda basi, kisha bodaboda, nikaenda kwao. Nilikuta nyumba imegawanyika. Mjomba alitaka arisiti, akae mwaka mzima, arudie mitihani, aombe tena udaktari. Baba alitaka ualimu wa sayansi: kozi inapata mkopo, na ukimaliza serikali inakujua. Kaka alikuwa ametuma ujumbe kutoka Masasi kwamba asome stashahada ya utabibu, miaka mitatu, aanze kazi mapema. Mama aliniambia jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba yeye anataka tu mtoto ale.

Somoe mwenyewe hakuwa nyumbani. Alikuwa shambani kwa mjomba, kwa sababu huo ulikuwa msimu wa kupulizia salfa. Mikorosho ilikuwa imetoa maua, na maua ndiyo yanayoshambuliwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaolipaka shada zima kama limenyunyiziwa unga wa muhogo. Nilimkuta amekaa chini ya mti, kitambaa puani, daftari gotini. Nilidhani anaandika mifuko ya salfa iliyotumika. Nilipoliomba nikakuta hivi:

"Mti wa 14. Upande wa barabara: mashada 20, yenye unga 6. Upande wa kichaka: mashada 20, yenye unga 13. Matawi yamebanana."

Kurasa nyuma yake zilikuwa hivyohivyo. Mti kwa mti, wiki kwa wiki. Mstari wa kwanza ulikuwa wa tangu alipokuwa kidato cha tatu, likizo ya katikati ya mwaka.

"Hii nini, Somoe?"

"Hesabu za ubwiriunga tu, madamu. Za mjomba."

Mjomba alikuwa amesimama karibu, anafuta mashine. Akasema, "Hizo si zangu. Mimi nilimwambia aandike mifuko."

Maamuzi, na kwa nini

Nilirudi Mtwara mjini usiku huo na sikulala mapema. Nilikuwa nimemfundisha biolojia miaka miwili. Nilijua alama zake zote, lakini sikujua kwamba ana daftari lile, kwa sababu sikuwahi kumuuliza anafanya nini pale ambapo hakuna anayemtuma.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kungoja. Dirisha la awamu ya pili lilikuwa limefunguliwa, na desturi ya mtoto aliyekosa awamu ya kwanza ni kukimbilia steshenari, kijana wa kompyuta anamuuliza "una pointi ngapi?" kisha anamjazia kozi zinazoruhusu. Wapo wanafunzi wangu walioanza chuo wakiwa hawawezi kuitamka kozi yao. Nilimwomba Somoe asiombe kwa siku saba. Hatari ilikuwepo, kwani baadhi ya kozi hujaa, lakini dirisha lilikuwa na zaidi ya hizo.

Wa pili ulikuwa kumpeleka akaone kazi. Kwa ruhusa ya mganga mfawidhi alikaa siku tatu kwenye zahanati ya kata jirani, akisaidia kupanga kadi na kutazama. Siku tatu nyingine akafuatana na bwana shamba. Sikumuuliza "umependa ipi?" Nilimwomba anisimulie tu. Za zahanati alisimulia vizuri, kwa heshima: foleni, muuguzi anayejua jina la kila mtoto, mama aliyetembea tangu alfajiri. Za bwana shamba alisimulia akiwa amesimama. Walikuwa wamebishana. Bwana shamba aliwaambia wakulima wapulizie shamba lote kwa kipimo kimoja, yeye akasema miti iliyobanana inaumwa zaidi kwa sababu asubuhi unyevu unakawia kukauka, kwa hiyo kupogoa kunatangulia salfa. Bwana shamba alikubali nusu. Somoe alikuwa bado anaitafuta ile nusu nyingine.

Wa tatu ulikuwa kuongea na mjomba kabla ya kikao cha familia, tukiwa wawili. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kozi ya Somoe iliposhikiliwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwalimu, mimi nimelima miaka arobaini ili huyu asilime."

Sikuwa na jibu la haraka, na nashukuru sikulitafuta. Aliendelea mwenyewe. Alikuwa kijana mdogo watu walipohamishiwa kwenye vijiji miaka ya sabini, wakaiacha mikorosho yao mbali, ikamezwa na pori. Kisha bei zikawa mbovu, kisha ubwiriunga ukaingia. Taifa lililovuna kama tani 145,000 msimu wa 1973/74 lilishuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya themanini. Hizo ndizo takwimu. Yeye alizisema kwa namna yake: baba yao aliuza baiskeli. Kwake, kumsomesha mpwa shahada ya kilimo ilikuwa kumrudisha palepale alipomtoa kwa jasho.

Nilimweleza kwamba kozi ninayoifikiria haimfundishi kushika jembe, inamfundisha kwa nini mti wa 14 unaumwa upande mmoja. Akanyamaza. Halafu akamwita Somoe, akamuuliza swali moja tu: "Unaweza kuniambia miti ipi nisiipulizie?" Somoe akafungua daftari, akataja miti tisa. Mjomba akaenda kuitazama mmoja mmoja, akarudi, akasema, "Andika. Mimi sitasema ndiyo, wala sitasema hapana."

Wa mwisho ulikuwa wa mkopo. Tulikaa na mwongozo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, tukapiga hesabu bila kuoneana haya. Ualimu wa sayansi ulikuwa na nafasi nzuri ya mkopo, kwa kuwa kwa miaka mingi Bodi imezipa kipaumbele tiba, uhandisi, na ualimu wa sayansi na hisabati. Kozi ya mimea ilikuwa na nafasi pia, ila haikuwa ya uhakika uleule. Nilimweleza vilevile kwamba mkopo ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi mpaka liishe. Aliomba vyuo viwili, shahada za sayansi ya mimea na agronomia (sayansi ya kilimo cha mazao) zikiwa mbele, ualimu wa biolojia na kemia ukiwa nyuma yake kama akiba. Akachaguliwa agronomia.

Matokeo

Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Mkopo ulitoka kwa sehemu tu, na tena katika awamu ya baadaye, hivyo wiki za mwanzo alikula kwa pesa za kaka. Alipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya takwimu. Mjomba hakumpigia simu msimu mzima. Alipeleka pesa kwa mama, bila salamu. Somoe aliniambia baadaye kwamba mwezi wa tatu alikuwa ameandika barua ya kuahirisha masomo na hakuipeleka. Nilimuuliza nini kilimzuia. Alisema walikuwa wameanza somo la magonjwa ya mimea, mhadhiri akaonyesha picha ya ubwiriunga kwenye darubini, ile minyororo ya vijidudu vya ukungu inavyokaa juu ya jani kama shanga, naye alikuwa ameyaona maua yale miaka mitano bila kujua kilichomo.

Alihitimu 2024. Hana ajira ya serikali, ameomba mara mbili. Msimu wa kupulizia hufanya kazi ya malipo kwa vikundi vya wakulima, anakagua mashamba na kupanga upuliziaji. Nje ya msimu hana kipato cha maana. Mwenzake wa darasa moja aliyesoma ualimu anasubiri ajira naye, anafundisha kwa kujitolea. Kwa hiyo nisionekane nasema Somoe alishinda na wengine wakashindwa. Mjomba wake sasa hupogoa kabla ya kununua salfa. Na pale kijijini bado anaitwa Dokta, watu wanamletea matawi.

Uchambuzi: kilichosaidia

Tunapenda kugawa sababu za mwanafunzi kuchagua kozi mafungu mawili: anayefuata moyo na anayefuata pesa. Kisa hiki kilinivunjia mgawanyo huo. Somoe alikuwa na sababu nyingi kwa pamoja, na iliyokuwa na sauti kubwa kuliko zote, udaktari, haikuwa ya moyo wala ya pesa. Ilikuwa ya jina. Wanasaikolojia wa Marekani Edward Deci na Richard Ryan wameeleza jambo hili vizuri: upo msukumo unaotoka kwenye raha ya kazi yenyewe, upo wa kuona jambo lina thamani na kulikubali kuwa lako, na upo ambao unaonekana uko ndani ya mtu lakini umejengwa na aibu na hofu ya kuwaangusha wengine. Mtu mwenye msukumo huo wa mwisho atakujibu "napenda" bila kusita. Hadanganyi. Ameitwa Dokta tangu ana miaka kumi.

Ndiyo maana daftari lilinisaidia kuliko jibu lake. Kazi ambayo mtu anaifanya miaka minne bila kutumwa, bila alama, na akiulizwa anasema "za mjomba tu", ni ushahidi. Siku hizi nauliza hivyo: likizo ulifanya nini ambacho hukuambiwa? Wengine hawana jibu, na hilo pia ni jibu la kufanyia kazi. Mwingine alinijibu kwamba anatengeneza redio za kijiji kizima. Alikuwa amejaza sheria.

Kuongea na mjomba peke yake nako kulisaidia, ingawa sikumgeuza mimi. Aligeuzwa nusu na miti tisa. Na wala upinzani wake haukuwa ujinga. Alikuwa na historia ya zao lenyewe mwilini, kuliko mimi. Mshauri anayemwona mzazi au mjomba kama kikwazo atakosa habari muhimu kuliko zote, yaani kwa nini nyumba hii inaiogopa kozi hii.

Na mkopo. Kuna walimu wanaoona aibu kuzungumza pesa katika ushauri, kana kwamba sababu ya mkopo ni sababu duni. Kwa mtoto wa mkulima, kozi asiyoweza kulipia hajaichagua, ameitamani tu. Tulipoweka hesabu mezani, Somoe aliacha kuogopa kitu asichokijua.

Uchambuzi: nilikokosea

Zile dakika kumi za Julai zilimgharimu awamu nzima ya maombi, ada za maombi za vyuo vitatu, na wiki ya kujiona ameshindwa maisha. Mwenye pointi 6 alipaswa kuambiwa wazi siku ileile kwamba udaktari uwekwe, lakini chini yake ziwekwe kozi ambazo kweli angeweza kuzipata. Famasia na meno, nazo zina ushindani mkali, hazikuwa akiba. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kumvunja moyo. Hilo ni kosa langu, siyo lake.

Mzizi wa sababu, ikiwa naweza kuuita hivyo, sikuutazama mapema: aibu ya neno "kilimo". Shuleni kwetu tunamwambia mwanafunzi mvivu kwamba ataishia kulima, tunamwadhibu kwa jembe, kisha tunashangaa hakuna anayejaza agronomia chaguo la kwanza. Adhabu ya jembe nimeshaomba iondolewe shuleni kwetu. Bado inajadiliwa.

Kosa zito kuliko yote ni la zamani. Nilipompigia kaka yake ile wiki ya awamu ya pili, nikitaka anisaidie kuongea na familia, alinisikiliza, kisha akasema taratibu, "Madamu, mwaka ule wewe ndiye uliyetuambia mstarini." Ni kweli. Mwaka 2013 nilisimama mbele ya shule nikasema anayesoma petroli Mtwara hatakosa kazi. Sikuwa nimewahi kukutana na mhandisi wa petroli hata mmoja. Nilirudia yale niliyoyasikia, na watoto wakayafanya maisha yao.

Nilimwomba msamaha dukani kwake, Masasi, miezi michache baadaye. Tangu hapo huja mara moja kwa mwaka kuongea na kidato cha sita. Mara ya kwanza hakuhutubia. Aliwaomba wanyooshe mikono wale tu waliowahi kukutana, ana kwa ana, na mtu anayefanya kazi waliyoiandika kuwa chaguo la kwanza. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya arobaini. Ilinyooka mikono minne, na watatu kati yao walikuwa wameandika ualimu.